Sifa, Deheni na Sandarusi: Habari za Kutunza Mbao katika Bandari ya Dar es Salaam

Mvua za masika za mwaka wa pili zilipokwisha, ua wa shule yetu ulilala chini. Tulikuwa tumeujenga kwa jasho letu na kwa fedha za wazazi, nguzo arobaini zilizopandwa mstari mmoja, tena tukazipaka rangi ya kijani tuliyoinunua Kariakoo. Wapita njia waliusifu. Lakini asubuhi moja watoto walikuja mbio kutuita, nasi tulipotoka tukaona nguzo zimelaliana kama walevi. Tulipoinua moja tukaona jambo la kututia haya: juu ya ardhi rangi ilikuwa ingali inang'aa, na chini ya ardhi mti ulikuwa laini kama mkate uliolowa chai, na mchwa wamejaa ndani yake.

Mzee mmoja jirani yetu, ambaye katika ujana wake alikuwa fundi wa vyombo vya baharini, alisimama akatazama. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, mwalimu. Poleni." Kisha akaigusa ile nguzo kwa ncha ya bakora yake, akasema, "Mmempaka mgonjwa dawa kichwani, na donda liko mguuni."

Neno hilo lilituingia moyoni. Sisi tulio walimu tulijua kuandika habari za miti ubaoni, wala hatukujua kuusimamisha mti mmoja ukadumu. Ndipo tukaanza kuwauliza wazee na kusoma vitabu, tupate kujua watu wa bandari hii walitunzaje mbao zao tangu kale. Haya tunayoandika ni matunda ya kuuliza huko, nasi twatumaini yatawafaa wasomaji wenye ua, mlango au mashua.

Kwanza yafaa tumjue adui wa mti. Watu husema, "Mti umeoza kwa uzee." Si kweli. Katika makaburi ya wafalme wa Misri vimeonekana viti na masanduku ya mbao yaliyokaa zaidi ya miaka 3,000 bila kuoza, kwa kuwa mahali pale ni pakavu. Kinachouozesha mti ni ukungu, nao ni kiumbe hai. Hutaka unyevu na hewa pamoja. Kwa sababu hii nguzo haianzi kuoza kileleni, wala haianzi kuoza chini kabisa shimoni, bali huoza pale udongo na hewa vinapokutana. Adui wa pili ni mchwa, ambaye hujenga njia yake ya udongo ili asionwe na jua, akala moyo wa mti na kuacha ganda. Wa tatu ni jua lenyewe pamoja na mvua: jua hupasua ubao, mvua huingia katika ufa, na ukungu hupata mlango.

Lakini watu wa pwani wana adui wa nne asiyejulikana bara. Ni mdudu wa baharini atobaye mbao. Mwili wake ni mrefu na laini kama mnyoo, lakini kwa asili ni jamaa ya chaza na kome, naye ana magamba mawili madogo kichwani ambayo ndiyo keekee yake. Huingia katika ubao angali mdogo mno, kwa tundu ambalo jicho halilioni, kisha hukua ndani yake na kuchimba. Ubao huonekana mzima kwa nje, kumbe ndani umekuwa kama sega la nyuki. Mwaka 1731 watu wa Uholanzi walishikwa na hofu kuu walipogundua kwamba mdudu huyu amekula miti iliyozuia bahari isiifunike nchi yao. Na mwaka 1761 Waingereza walianza kujaribu kuifunika merikebu ya vita iitwayo Alarm kwa mabamba ya shaba chini ya maji, ili kumzuia adui huyo huyo.

Je, watu wetu, ambao hawakuwa na shaba ya kufunikia vyombo, walifanyaje? Maana walisafiri baharini tangu zamani sana. Kitabu cha Kiyunani kilichoandikwa yapata miaka 1,900 iliyopita chataja mji wa biashara katika pwani hii ulioitwa Rhapta, nalo jina hilo latokana na vyombo vyake, ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba. Mitepe ya Lamu ilishonwa vivyo hivyo hata karne ya 20 ilipoanza. Chombo kilichoshonwa hakiwezi kuelea bila kuzibwa na kupakwa. Wasomaji wetu wajua kwamba hata Nuhu aliamriwa aipake safina lami ndani na nje. Basi kazi ya kupaka ni ya kale kama kazi ya kujenga chombo.

Mafundi wa pwani walitumia dawa mbili, kila moja mahali pake. Ya kwanza ni sifa. Hii siyo sifa ya kusifiwa, bali ni mafuta yatokayo katika maini ya papa na samaki wengine. Harufu yake ni mbaya, wala aliyepita karibu na jahazi lililopakwa sifa hawezi kuisahau. Lakini mafuta hayo huingia ndani ya ubao na kuufukuza unyevu. Sifa ilipakwa ubavuni juu ya maji, na juu ya sitaha ambayo mchana kutwa hupigwa na jua na kunyeshewa na maji ya chumvi. Sitaha isiyopakwa hukauka, mbao zake hupungua na kuachana, na kalafati hutoka.

Dawa ya pili ni deheni. Hii ni chokaa iliyochanganywa na shahamu ya mnyama au na mafuta, ikapondwa mpaka ikawa kama uji mzito. Deheni hupakwa chini, mahali pasipoonekana chombo kinapoelea. Kazi hiyo ina wakati wake. Nahodha hungoja bamvua, mwezi mchanga au mwezi mpevu, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Chombo husogezwa ufukoni wakati wa maji kujaa, na maji yakipwa hubaki juu ya mchanga kimeegemezwa magogo. Hapo watu huja upesi na makuti makavu, wakayawasha na kupitisha moto chini ya mbao, ili kuwaua wadudu na kuunguza majani ya bahari yaliyoshika. Kisha hukwangua, hutia kalafati ya pamba yenye mafuta palipo na ufa, na mwisho hupaka deheni kwa mikono. Yote hayo yafanywe kabla maji hayajarudi.

Mzee wetu alituambia, "Mwalimu, hatukupaka kwa kuwa chombo kimeharibika. Tulipaka kwa kuwa siku yake imefika." Neno hilo ndilo funguo la habari zote zinazofuata. Dawa ya deheni haikudumu. Baada ya miezi michache huoshwa na bahari. Kilichodumu ni desturi ya kurudi. Mwezi uliwakumbusha watu, na mtu aliyeacha kurudi alizama.

Sasa na tuutazame mji wenyewe. Kabla ya miaka ya 1860 mahali hapa palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima kiitwacho Mzizima. Sultani Majid bin Said wa Unguja, aliyetawala tangu 1856, aliipenda bandari hii kwa kuwa imefungwa na nchi pande zote kama birika, akaanza kujenga hapa mji wake. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zililala juu ya boriti za mikoko. Mojawapo yasimama hata leo mbele ya bandari, nayo ni Boma la Kale, lililojengwa yapata mwaka 1866 ili kuwakaribisha wageni wa Sultani.

Boriti hizo zilikatwa katika mikoko ya pwani, na msitu mkubwa wa mikoko kupita yote katika Afrika ya Mashariki ni ule wa delta ya Rufiji, kusini ya Dar es Salaam. Kila mwaka majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Ghuba yalirudi na kusi yakiwa yamebeba boriti, kwa kuwa nchi zile hazina miti ya namna hiyo. Mti wa mkoko ni mzito na mgumu, na ganda lake lina dawa kali ya rangi nyekundu itumikayo kukaushia ngozi. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba vyetu: nyumba za mawe za pwani, kutoka Lamu hata Kilwa, zina vyumba virefu na vyembamba, maana fundi hakuweza kupitisha dari mbali kuliko mti wake.

Lakini boriti, hata ikiwa ngumu namna gani, yataka dari lisilovuja. Sultani Majid alifariki mwaka 1870. Ndugu yake Barghash, aliyemrithi, hakuupenda mji huu mpya, akabaki Unguja. Watu wakahama, na paa zikakosa wa kuziba nyufa. Maji yaliingia katika chokaa, yakazifikia boriti, nazo zikaoza vichwa vyake ukutani, dari zikaanguka. Wageni waliopita hapa katika miaka ya 1870 waliona majumba mengi yamekuwa magofu, na hali hayajatimiza hata miaka kumi na tano. Miti ile ile ya mikoko, katika nyumba zilizokaliwa na kutunzwa huko Unguja na Lamu, imedumu vizazi na vizazi. Basi tusiseme mti wa Majid ulikufa kwa uzee. Ulikufa kwa kuachwa.

Hapa twafika kwenye jambo la kuhuzunisha kupita yote tuliyoyapata. Wakati dari za Majid zilipokuwa zikianguka, udongo wa nyuma ya mji huu, yaani nchi ya Uzaramo, ulikuwa ukitoa dawa ya mbao iliyotamaniwa na dunia nzima. Dawa hiyo ni sandarusi.

Sandarusi ni utomvu wa mti ulioota pwani hii tangu zama za kale. Miti ya kwanza ilikufa ikatoweka, na utomvu wake ukazikwa mchangani ukawa mgumu kama jiwe, wenye rangi ya asali. Vipande vingine vina mdudu au jani ndani yake, vimehifadhika kana kwamba ni vya jana. Ukioshwa, uso wake huwa na vipele vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na kwa alama hiyo wafanya biashara walitambua sandarusi ya kweli. Utomvu mpya, ambao haujakomaa, uliitwa chakazi, na bei yake ilikuwa ndogo. Wazungu walisikia neno hilo vibaya wakaligeuza kuwa neno la kwao lenye maana ya punda.

Watu wa Uzaramo waliichimba kwa majembe madogo katika mashimo mafupi, wakaipeleka kwa wafanya biashara wa pwani, nao wakaipeleka Unguja. Kutoka Unguja merikebu ziliipeleka Bara Hindi, Ulaya na Marekani. Wamarekani walikuwa wamefanya mkataba na Sultani Said mwaka 1833, na wengi wa wafanya biashara wao walitoka katika mji wa Salem. Huko Salem palikuwa na kiwanda cha kuoshea sandarusi. Mafundi waliiyeyusha juu ya moto mkali, wakatia mafuta ya kitani yaliyo moto, kisha wakaipunguza uzito kwa tapentaini. Ndiyo vanishi iliyokuwa bora kupita zote, ngumu na yenye kung'aa, iliyopakwa magari ya farasi, meza, milango na vinanda vya matajiri.

Na mchimbaji alipata nini? Alipata shanga, waya, na kitambaa kile tunachokiita merikani hata leo, kwa jina la nchi kilikotoka. Mvua ikanyesha juu ya gari la tajiri huko ng'ambo ikateleza, na mvua hiyo hiyo ikanyesha juu ya ua wa mchimbaji huko Uzaramo ukaoza. Hatusemi haya ili kumchukia mtu. Watu wa zamani zile walifanya biashara kama walivyoijua. Lakini mtoto wa shule katika nchi hii hujua kwamba pembe na karafuu zilitoka pwani yetu, wala hajui kwamba dawa ya mbao nayo ilitoka kwetu. Baadaye vanishi zilitengenezwa kwa utomvu wa nchi nyingine, na tena kwa vitu vilivyofanyizwa viwandani katika karne ya 20, na biashara ya sandarusi ikafifia hata ikasahauliwa.

Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, waliingia Dar es Salaam mwaka 1887, wakaufanya mji mkuu wa koloni yao mwaka 1891. Walipoanza kujenga reli ya kwenda bara mwaka 1905, walijua habari za mchwa, wakalaza mataruma ya chuma badala ya miti. Huko Ulaya mataruma ya miti yalitumika sana, kwa sababu Mwingereza John Bethell alikuwa amepata mwaka 1838 hati ya ufundi wa kusukuma mafuta ya lami ya makaa ya mawe mpaka ndani ya mti kwa nguvu ya mashine. Tazameni tofauti: dawa ya kupaka hukaa juu ya ngozi, na dawa ya kusukuma huingia katika nyama.

Vita vilipokuja, Waingereza waliushika mji huu Septemba 1916, na mahali palipokuwa pamejengwa soko pakawa kambi ya wapagazi wa jeshi. Kwa Kiingereza jeshi hilo la wapagazi liliitwa Carrier Corps, na kwa vinywa vyetu likawa Kariakoo. Nyumba za mtaa huo, zilizozunguka soko, zilikuwa za nguzo na fito zilizofungwa kwa kamba na kukandikwa udongo, paa la makuti, na nyuma ya kila nyumba ua wa kupikia na kufulia. Hapo wanawake walikuwa na ufundi wao ambao haukuandikwa. Moshi wa jiko ulipanda kila siku ukashika makuti na makombamoyo, na wadudu hawakukaa. Aliyekandika nyumba alirudi kila baada ya mvua kuziba nyufa, na alipoona njia ya mchwa ukutani aliibomoa siku ile ile.

Makuti yakabadilishwa kwa madebe na mabati, udongo kwa saruji. Soko la zamani likavunjwa, na katika miaka ya 1970 likajengwa soko kubwa la zege lililobuniwa na Beda Amuli, mwana wa nchi hii. Wengi walidhani sasa tumepona: zege haliliwi na mchwa. Lakini Julai 2021 moto uliliunguza soko hilo, na wafanya biashara wengi walipoteza mali zao. Basi hata jengo la zege lina adui wake, nalo lataka jicho la kulitazama.

Siku hizi dawa za mbao zimejaa madukani, na nguzo za umeme zatoka Mufindi na Njombe zikiwa zimekwisha kutiwa dawa kwa mashine. Ni jambo jema, lakini lina onyo lake. Nguzo nyingi zenye rangi ya kijani kibichi zimetiwa shaba pamoja na sumu ya aseniki. Huko Marekani viwanda viliacha kutia dawa hiyo katika miti ya majumbani mwisho wa mwaka 2003. Mabaki ya nguzo hizo yasifanywe kuni, wala majivu yake yasitiwe bustanini. Tena wako wapakao nguzo oili chafu ya magari. Mchwa huikimbia kwa muda, lakini mvua huishusha udongoni, na kutoka udongoni huenda kisimani. Haifai kuokoa ua kwa kuharibu maji ya watoto.

Sasa turudi kwenye ua wetu. Tuliujenga tena kwa shauri la yule mzee. Tuliacha nguzo zikauke kivulini kwa miezi, tukaziondoa maganda, maana mdudu hupenda kujificha chini ya ganda. Vichwa vyake tulivikata mshazari ili maji yateleze. Dawa tuliianzia mguuni, tukaipaka mara tatu mpaka shibiri mbili juu ya mstari wa ardhi, na hasa pale palipokatwa, kwa kuwa mti hunywa maji kwa ncha zake. Chini ya shimo tulitia kokoto ili maji yapate njia, na udongo tuliushindilia kama kichuguu kidogo kuzunguka nguzo, maji yasituame. Rangi ya kijani ilikuja mwisho kabisa.

Kisha tulifanya jambo ambalo twaliona ni kubwa kuliko yote hayo. Tulinunua daftari moja, tukaandika juu yake: Daftari la Ua. Kila mwaka, mwezi wa Februari, kabla ya masika, watoto wa darasa la sita hufukua kidogo chini ya kila nguzo, hudunga kwa msumari, hutazama njia za mchwa, huziba nyufa na kupaka upya. Wakimaliza, huandika tarehe na majina yao, na hali ya nguzo moja moja. Huu ni mwaka wa nne. Nguzo ya saba na ya ishirini na tatu zimebadilishwa. Nyingine thelathini na nane zasimama.

Yule mzee alipokuja mwaka huu tulimwonyesha daftari. Hakujua kusoma vizuri, basi mtoto mmoja akamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema, "Haya ndiyo bamvua yenu."

Ndugu wasomaji, kila mmoja wetu ana mti aliousimamisha. Kama hajui siku yake ya kuurudia ni lini, na aiandike leo.